Meno ya Dhahabu ya Peleliu



Ndugu msomaji, kwa muda sasa iko tamthilia ya vita inayopita mkono kwa mkono miongoni mwa vijana wetu hapa Dodoma. Wauza filamu huwawekea kwenye flashi kwa shilingi chache, nao huitazama kwenye simu baada ya Isha. Na katika mabanda ya video huoneshwa ikiwa imetiwa sauti ya mtafsiri wa Kiswahili. Jina lake ni The Pacific. Ilitengenezwa Marekani, ikaoneshwa kwa mara ya kwanza mwaka 2010, nayo ina sehemu 10. Sehemu ya tano, ya sita na ya saba ndizo zinazogombewa, kwa kuwa ndizo zinazoonesha vita vya kisiwa cha Peleliu.

Nimeziangalia zote kumi, kwani haifai mtu kutoa rai juu ya kitu asichokijua. Leo napenda tuzungumze juu ya tendo moja lililomo humo, tendo la dakika chache tu, ambalo kwa mzazi wa Kiislamu lina uzito kuliko milio yote ya mizinga inayolitangulia.

Kwanza tuvijue vita vyenyewe, maana si hadithi ya kubuni. Peleliu ni kisiwa kidogo cha matumbawe katika visiwa vya Palau, eneo lake ni kiasi cha kilomita za mraba 13. Wajapani walikuwa na uwanja wa ndege humo, na Wamarekani waliutaka ili kulinda ubavu wa majeshi yao yaliyokuwa yakielekea Ufilipino. Walitua ufukweni tarehe 15 Septemba 1944. Jenerali Rupertus, aliyeongoza divisheni ya wanamaji iliyotangulia, alitabiri kwamba kazi ingemalizika kwa siku chache tu. Ilichukua zaidi ya miezi miwili, hadi tarehe 27 Novemba. Wajapani walikuwa wamejichimbia katika mapango ya vilima vya mawe. Joto lilipita nyuzi 40. Maji ya kunywa yaliletwa katika mapipa yaliyowahi kutiwa mafuta, yakawaumiza matumbo watu waliokuwa tayari wanazimia kwa kiu. Sisi wa nyanda hizi za kati, tunaojua thamani ya ndoo moja ya maji ifikapo Oktoba, hatuhitaji kufafanuliwa zaidi.

Vita vilipokwisha, Wamarekani takriban 1,800 walikuwa wamekufa na maelfu wamejeruhiwa. Wajapani waliokufa walizidi 10,000. Waliotekwa wakiwa hai walikuwa wachache mno, tena wengi wao ni vibarua waliotolewa Korea. Kundi la Wajapani 34 lilibaki mafichoni hadi Aprili 1947, zaidi ya mwaka mmoja na nusu baada ya nchi yao kusalimu amri. Na haja yenyewe ya vita hivyo ilitiliwa shaka tangu mwanzo. Admirali Halsey alikuwa ameshauri viachwe, na Jenerali MacArthur alitua Leyte, Ufilipino, tarehe 20 Oktoba 1944, wakati damu ingali ikimwagika Peleliu.

Miongoni mwa waliokuwapo ni Eugene Sledge, kijana wa Alabama, mtoto wa daktari. Baadaye alikuwa mwalimu wa elimu ya viumbe katika chuo, akaandika kumbukumbu zake zilizochapwa mwaka 1981. Tamthilia hii imejengwa kwa sehemu juu ya kumbukumbu hizo. Ndani yake anakiri jambo ambalo wengi wangelificha. Alipofika kisiwani alichukizwa kuwaona wenzake wakichokoa meno ya dhahabu vinywani mwa maiti za Wajapani. Siku zikapita, wenzake wakafa mmoja mmoja, moyo wake ukawa mgumu. Siku moja naye akainama juu ya maiti na kisu mkononi. Mwenzake akamzuia, akimwonya kuwa ataambukizwa vijidudu. Miaka mingi baadaye Sledge alitambua kwamba vijidudu vilikuwa kisingizio tu. Aliyemzuia alitaka kumwokolea ubinadamu wake.

Hilo ndilo tendo ninalolikusudia. Watengenezaji wa tamthilia wameliweka ili mtazamaji aone jinsi kijana aliyelelewa vizuri anavyoweza kuporomoka hatua kwa hatua pasipo kujihisi. Lakini ujumbe hutegemea pia unapokelewa wapi. Vijana wa madrasa yetu walinisimulia kwamba katika banda moja, tendo hilo lilipofika, mtafsiri alianza kuyataja meno yale kwa bei, kama sonara anayepima mkufu. Banda zima likaangua kicheko. Tangu siku hiyo mzaha ule umekuwa ukirudiwa barazani na hata katika uwanja wa madrasa.

Wiki chache zilizopita, mama mmoja wa msikiti wetu, ambaye asili yake ni Kondoa, alileta shauri mbele ya kamati kupitia kiongozi wa akina mama. Mwanawe wa miaka 13 alikuwa sebuleni akiitazama tamthilia hii pamoja na babu yake mzaa baba. Mzee huyo alichukuliwa mgambo mwishoni mwa mwaka 1978, Idi Amin alipoivamia Kagera, akaenda na majeshi yetu hadi Uganda. Lilipofika tendo la meno, mtoto akacheka, akaurudia mzaha wa bandani kwa sauti. Mzee akainuka kwenye mkeka, akatoka nje bila kusema neno. Kwa siku mbili hakukubali kula sinia moja na mjukuu wake. Mama akatuuliza: niiondoe runinga nyumbani, au nifanye nini na watu wangu hawa wawili?

Kamati iligawanyika. Wapo waliosema runinga ni mlango wa fitina, iondolewe na shauri liishe. Wapo waliosema watoto ni watoto, watakua na kusahau. Nawaheshimu ndugu zangu wa pande zote mbili, lakini naona hakuna aliyelijibu swali la mama. Ukiiondoa runinga sebuleni, simu imo mfukoni na banda lipo mtaa wa pili. Na anayesema mtoto atasahau, na atuoneshe mtu aliyejifunza kucheka mbele ya maiti kisha ujuzi huo ukamtoka wenyewe bila kufundishwa mwingine badala yake.

Dini yetu haikuliacha jambo hili wazi. Sote tunasoma habari za Uhud, mwaka wa tatu Hijria. Hamza bin Abdul-Muttalib, ami yake Mtume (s.a.w.), aliuawa, kisha mwili wake ukakatwakatwa na kuharibiwa. Mtume alipouona aliumia sana. Kama pangekuwa na siku ambayo binadamu angepewa udhuru wa kulipiza kwa maiti za adui, ni siku ile. Wafasiri wengi wanazinasibisha na tukio hilo aya za mwisho za Surat an-Nahl, ambazo zinaruhusu kulipa kwa kadiri ya ubaya uliotendwa, kisha zinaeleza kuwa kusubiri ni bora zaidi. Na Mtume alichagua kusubiri. Katika mausia aliyowapa makamanda wake, kama yalivyopokewa katika Sahihi ya Muslim, aliwakataza kuiharibu miili ya waliouawa na aliwakataza kuua watoto. Wanazuoni huliita tendo hilo la kuharibu maiti muthla, na kung'oa meno ya maiti ili uyauze ni namna yake mojawapo.

Kuna tukio jingine, lililopokewa na Bukhari na Muslim, ambalo napenda kila mzazi alisimulie nyumbani. Sahaba wawili, Sahl bin Hunayf na Qays bin Saad, walikuwa wamekaa al-Qadisiyya, mahali palipopata sifa kwa vita. Likapita jeneza, wakasimama. Wakaambiwa kuwa maiti ni wa watu wa nchi ile wasiokuwa Waislamu. Wakajibu kwa kueleza kwamba Mtume aliwahi kusimama lilipopita jeneza la Myahudi, na alipoambiwa ni la nani, akawauliza waliomwambia kama huyo naye hakuwa nafsi.

Basi hilo ndilo swali la kumfundisha mtoto anayetazama Peleliu. Yule Mjapani aliyelala mdomo wazi juu ya mawe, je, si nafsi? Na tusidhani kuwa swali hili linamhusu mtazamaji wa Kimarekani na Mjapani wake tu. Vita vile vilitugusa sisi, na wafu wetu wamo miongoni mwa wale ambao hakuna aliyewafanyia tamthilia.

Watu zaidi ya 80,000 wa Tanganyika waliingia jeshini katika Vita vya Pili vya Dunia, wengi wao katika kikosi ambacho wazee wetu walikiita Keya. Mwaka 1942 askari wa Tanganyika walikuwa miongoni mwa waliopelekwa kuiteka Madagaska, ambayo ni kisiwa pia, kutoka kwa Wafaransa waliokuwa wakiitii serikali ya Vichy. Miezi ile ile ambayo Sledge alikuwa Peleliu, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilikuwa ikikata msitu na tope la bonde la Kabaw huko Burma, ikipigana na Wajapani hao hao, huku malaria ikiangusha watu pamoja na risasi. Mapema Desemba 1944 waliuteka mji wa Kalewa kando ya mto Chindwin.

Kabla ya hapo, tarehe 12 Februari 1944, meli iitwayo Khedive Ismail iliyokuwa imetoka Mombasa kuelekea Colombo ilipigwa na nyambizi ya Kijapani karibu na visiwa vya Maldives. Ilizama kwa muda mfupi mno. Walikufa watu 1,297, mamia yao wakiwa askari wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki. Manowari ya Kiingereza iliyokuwa ikiisindikiza iliisaka nyambizi kwa mabomu ya chini ya maji, na mabomu hayo yaliangushwa mahali ambapo walionusurika walikuwa wakielea. Majina ya waliopotea na meli ile yamechongwa kwenye mnara ulioko katika makaburi ya vita ya Nairobi. Ni wangapi kati yetu tumewahi kusikia habari hizi? Mtoto wetu anamjua Sledge kwa sura na kwa jina la baba yake. Hamjui hata mmoja wa waliozama wakitokea Mombasa.

Hata chuma cha vita vile kilifika kwetu. Mwaka 1947 Waingereza walipoanza mradi wao mkubwa wa karanga pale Kongwa, matrekta na mabuldoza hayakupatikana kwa urahisi. Mengi yaliletwa kutoka Ufilipino, yakiwa mabaki ya jeshi la Marekani baada ya vita vya visiwani. Vifaru vya aina ya Sherman navyo viligeuzwa kuwa matrekta. Vichaka na mizizi ya Kongwa vikayashinda mashine, ardhi ikakauka ikawa ngumu kama saruji, na mwaka 1951 mradi ukawa umeachwa baada ya kumeza mamilioni ya pauni. Kwa hiyo anayedhani Peleliu ni mbali na Dodoma, akumbuke kuwa mabaki ya vita vya bahari ile yalivunja vichaka vya wilaya ya jirani.

Wako na wengine wasioonekana. Wenyeji wa Peleliu walihamishwa na Wajapani kabla ya mapigano, kisha wakarejea wakakuta vijiji vyao havipo. Katika sehemu zote tatu zinazoshughulikia kisiwa chao, wao hawana nafasi katika hadithi. Hapa Ugogo tunaijua hali hiyo. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalipita kwa zamu, yakachukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo. Mvua ikakatika. Ikaja njaa ambayo Wagogo waliiita Mtunya, kati ya mwaka 1917 na 1920, na wanahistoria wanakadiria kuwa ilichukua watu 30,000 kati ya Wagogo 150,000. Njaa haipigi kelele wala hairuki angani ikiwaka moto, na kwa hiyo haifai kwa kamera. Lakini aliyekufa kwa njaa ya vita ameuawa na vita.

Sasa turudi kwa yule mzee wa Kondoa. Kamati ilinituma pamoja na imamu wetu twende tukazungumze naye. Tulimkuta amekaa chini ya mti, akatukaribisha kwa adabu zote. Imamu akamwuliza, Mzee wetu, ni tamthilia iliyokuudhi? Akatujibu kuwa kuuana hakukumshangaza, kwani alikuwako na alijua vita ni nini. Kilichomtoa ndani ni kicheko. Akasema kwamba huko Uganda alikutana na maiti nyingi za vijana wa upande wa pili, na kwamba kila mmoja alikuwa mzito. Zaidi ya hapo hakutaka kusema, nasi hatukumlazimisha.

Neno lile, uzito, lilitufanya tufikiri. Mtoto anayetazama runinga anaona watu 100 wakianguka katika saa moja, na hajawahi kumwinua hata mmoja. Maiti wa kwenye kioo hana uzito, hana harufu, hana mama anayemlilia. Atajuaje?

Ijumaa iliyofuata palikuwa na msiba mtaani, jirani mmoja alifariki baada ya kuugua muda mrefu. Mzee akamwita mjukuu wake, akamwambia waende pamoja. Mtoto akabeba ndoo za maji ya kuoshea maiti hadi mlangoni, akakaa na wanaume wakati wa kukata sanda, akashika jeneza kwa mkono mmoja pale mwendo ulipopungua, kisha akatia udongo kaburini kwa mikono yake. Siwezi kusema ni nini kilichompita moyoni. Hilo ni baina yake na Mola wake. Ninachojua ni kuwa jioni ile walikula sinia moja.

Kutokana na hayo kamati yetu imeafikiana kuwa vijana wa madrasa waliotimiza miaka 12 washirikishwe, kwa idhini ya wazazi wao, katika kazi za maziko: kuteka maji, kuchimba, kubeba na kufukia. Ni fardhi kifaya ambayo tumewaachia wazee peke yao kwa muda mrefu mno, na kwa kufanya hivyo tumewanyima vijana elimu ambayo darasani haipatikani.

Kwa wazazi wenzangu napenda kuwasihi mambo matatu. La kwanza, mjue watoto wenu wanatazama nini, na tamthilia ya aina hii msiwaachie watoto wadogo kabisa, kwa kuwa imetengenezwa kwa watu wazima. Aliyebaleghe akiitazama, kaa naye. Likifika tendo kama lile la meno, simamisha picha umwulize: huyu aliyelala ni mtoto wa nani? Na huyu aliyeinama na kisu amefikaje hapo?

La pili, asiachwe kuishia sehemu ya saba. Sehemu ya 10 inahusu kurudi nyumbani, na ndiyo maana bandani hairudiwi. Humo Sledge anakwenda kuwinda na baba yake kama walivyozoea, lakini anashindwa, anaangua kilio, na baba anamkumbatia mwanawe. Anayetazama mauaji na asitazame kilio hicho ametazama nusu ya kisa.

La tatu, waulizeni wazee wangali hai. Waliokwenda Burma karibu wote wametangulia mbele ya haki, lakini watoto wao wapo. Huenda katika sanduku la nyumba fulani ya Kondoa, Mpwapwa au Manyoni limelala cheti cha Keya au nishani iliyopauka, na hakuna ajuaye ni ya nini. Waliokwenda Kagera wangali nasi, nao wanapungua kila mwaka. Mzee akikataa kusimulia, msimlazimishe, maana kunyamaza kwake nako ni kauli. Akikubali, andikeni jina la kila mtu anayemtaja, wa upande wetu na wa upande wa pili. Aliyetajwa kwa jina si rahisi kumcheka.

Tunamwomba Allah (s.w.) awarehemu waliotangulia, azilainishe nyoyo za watoto wetu, na atujaalie tuwe miongoni mwa wanaosimama jeneza linapopita.

Wabillahi tawfiq.